Mtoto Wetu Amekosa

Ningepewa nafasi ya kutunga sheria moja tu katika wilaya yetu ya Ikungi, ningepiga marufuku mtu kwenda kuomba msamaha kabla hajafika kwangu. Afukuzwe kazi, adhulumiwe, anyang'anywe hata kitanda anacholalia, lakini aje kwanza tuzungumze. Tukimaliza, aende akapige magoti kokote anakotaka, mimi sitamzuia.

Meza yangu ni ya msaada wa kisheria na haina malipo. Niliikalia baada ya kustaafu ualimu. Tulipewa mafunzo, wastaafu wachache na vijana wachache, tukatoka na vyeti vya usaidizi wa kisheria, na ofisi ya kata ikatupa chumba ambacho nusu yake bado ni stoo ya madawati mabovu. Wanakuja watu wa kila namna. Kuna waliokopa zile pesa za riba kubwa zinazoitwa kausha damu, nazo zimewakausha kweli. Kuna wazee wanaofuatilia mafao ya watoto wao waliofia kazini. Na kuna wengi, wengi mno, ambao bosi aliwaambia "kesho usije", basi, ikawa ndiyo barua yao. Mimi nasikiliza, nawaeleza sheria inasema nini, nawasaidia kuandika na kuwaonyesha pa kwenda. Ndugu zangu wa Ulemo, nilikozaliwa, wanadhani nimekuwa hakimu. Mume wangu huniita mheshimiwa kila chai inapochelewa.

Mama ninayetaka kusimulia habari zake alikuja siku ya mnada, mji mzima ukiwa umejaa mbuzi na kelele. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia aingie, akasimama mbele ya kiti mpaka nilipomwambia akae.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani kwa kukusumbua."

"Marahaba. Hapa ndipo pa kusumbuliwa. Sema."

Alikuwa mjane wa makamo, mpishi wa shule moja ya bweni ya mtu binafsi, na mikono yake ilikuwa na makovu ya mafuta ya moto hadi kwenye viwiko. Kwa miaka mingi alikuwa akiamka kabla ya jogoo kuwapikia uji watoto wa watu. Siku moja ndoo ya mafuta ya alizeti ikakosekana stoo. Wiki hiyohiyo mwanawe alikuwa amepata kipaimara, na wageni walikula maandazi wakashiba. Mwenye shule, ambaye kila mtu pale anamwita mkurugenzi, akajumlisha ndoo na maandazi akapata jibu. Aliwakusanya wapishi uwanjani, akamwambia mama huyu avue aproni aende zake. Wanafunzi walikuwa kwenye foleni ya chakula na sahani zao, wakitazama.

Mimi huwauliza wote waziwazi, maana kuzungukazunguka kunapoteza muda.

"Uliiba?"

"Sikuiba, mwalimu. Funguo za stoo sijawahi kuzishika hata siku moja."

"Unataka nini sasa? Kurudi kazini? Kulipwa?"

Alifikiri kidogo. "Nikilipwa nitashukuru. Lakini ninachotaka ni waseme sikuiba. Mimi najua kupika tu, na hakuna atakayempa mwizi jiko lake."

Nilimwelewa. Ikungi ni mji mdogo. Ukiitwa mwizi leo, kesho hata muuza nyanya anakutazama mikono. Nikamweleza kwamba aliyeachishwa kazi kwa uonevu ana siku thelathini za kupeleka lalamiko kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi, Singida mjini, na kwamba huko nako halipi kitu. Nikamuuliza alifukuzwa lini. Alipotaja siku nikashika kichwa. Zilibaki siku za kuhesabu kwenye kiganja kimoja.

"Muda wote huu ulikuwa wapi, mama?"

"Tulikuwa tunaomba msamaha."

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Nilikasirika mpaka nikatoka nje kuvuta hewa, nikarudi, nikamkuta amekaa vilevile.

Akanieleza. Jioni ile ile aliyofukuzwa alikwenda kwa mzee wa kanisa wa mtaani kwao, akamwomba amsindikize. Mzee akamchukua na shemeji wa mama huyu, wakatafuta jogoo mzuri, wakaenda nyumbani kwa mkurugenzi, palepale nyuma ya shule. Hapo mzee akasema maneno ambayo sisi sote tunayajua tangu utotoni: "Mtoto wetu amekosa, tumekuja kukuomba umsamehe." Mkurugenzi akapokea jogoo, akawanywesha soda, akasema atafikiri. Wakarudi tena, akasema bado anafikiri. Wakarudi mara ya tatu wakaambiwa amesafiri, na gari lake liko uani.

"Huyo mzee alijua kwamba hukuiba?"

"Hakuniuliza, mwalimu."

Sasa mtu asiyetoka kwetu atamwona mama huyu mjinga, na hapo nitamkatalia. Kwetu kuomba msamaha si kukiri. Ni kumpoza mkubwa aliyekasirika ili yaishe, watu warudi kusalimiana. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nami nimelelewa hivyo hivyo, nimebusu mikono mingi katika maisha yangu ya kazi, na ningeulizwa kosa langu lilikuwa nini nisingekuwa na jibu. Ndiyo maana jambo hili linanichoma. Kila wiki nakaa na watu ambao wameshamaliza muda wao wa kisheria kwa adabu njema.

Tuliandika lalamiko siku hiyohiyo, na kesho yake alipanda basi akalipeleka mwenyewe. Lilipokelewa. Tukisubiri kuitwa nilimfundisha kama nilivyokuwa nikifundisha darasa la nne. Ukifika mbele ya msuluhishi, eleza kilichotokea. Usilie. Usiseme samahani. Neno msamaha lisitoke kinywani mwako hata ukipiga chafya. Alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Samahani mwalimu, nimeelewa." Ningefanya nini mimi?

Siku ya usuluhishi niliruhusiwa kukaa pembeni yake. Mkurugenzi alikuja na suti na faili lisilo na kitu ndani, maana lilikuwa jepesi kwa kuliona tu. Nyuma yake aliingia mzee mrefu mwenye fimbo na koti zito la kahawia. Mama akanishika mkono chini ya meza. Yule ndiye mzee wa kanisa.

Mtu uliyemtuma akuombee amekuja kukuzika! Lakini alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na hasira haifuti shikamoo, basi nikasimama nikamwamkia. Aliitika kwa upole, akamuuliza mama habari za watoto, akakaa upande wa mkurugenzi bila wasiwasi wowote. Niligundua hapo kwamba hakuona ubaya. Ameitwa aje aseme alichokisema, naye amekuja.

Msuluhishi alikuwa kijana mtaratibu. Alisema hapa si mahakamani na mashahidi hawahitajiki, ila kwa kuwa mzee ametoka mbali, basi akae.

"Mimi sina maneno mengi," mkurugenzi akasema. "Asiye na kosa haombi msamaha. Huyu aliomba, tena kwa wazee. Mzee mwenyewe huyu hapa, muulizeni."

Mzee akasimama, ingawa aliambiwa anaweza kusema akiwa amekaa. "Ni kweli. Nilisema mtoto wetu amekosa."

"Shikamoo, mzee," msuluhishi akasema. "Alikuambia amekosa nini?"

"Marahaba. Hakuniambia."

"Wewe ulimuuliza?"

Mzee akamtazama kana kwamba ameulizwa kama anakula kwa mkono. "Mwanangu, mtu akija kukuomba umsindikize kwenye msamaha, unavaa koti unachukua fimbo. Huulizi. Ukianza kuuliza utakuta hakuna aliyekosa, na ugomvi utabaki palepale."

"Kwa hiyo hujui kama aliiba?"

"Nitajuaje? Mimi hata mwanangu alipogongwa na gari tulikwenda kumwomba msamaha mwenye gari. Taa yake ilikuwa imevunjika, na mtu yule alikasirika sana."

Msuluhishi alikohoa kwa muda mrefu akitazama karatasi zake. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mkurugenzi, ambaye shingo yake ilianza kutoka jasho juu ya tai.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Msuluhishi akamuuliza kama alimwandikia mama tuhuma zake. Hapana. Kama alimpa nafasi ya kujitetea. Alikuwa na hasira, hakukumbuka. Kama kuna mtu aliyemwona na ndoo. Watu walikuwa wanasema. Watu gani? Watu tu. Mwisho mkurugenzi mwenyewe akauliza tutamalizaje. Wakakubaliana atalipa notisi, likizo na siku alizofanyia kazi, na atoe cheti cha utumishi. Niliona tumeshinda. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyowasimulia wenzangu kwenye meza.

Makubaliano yalipochapwa nikayasoma neno kwa neno. Katikati palikuwa na mstari uliosema kwamba mwajiri analipa bila kukiri kosa lolote. Nikaomba iongezwe sentensi moja tu, kwamba mama huyu hakuiba. Mkurugenzi akafunga faili lake. Atalipa, akasema, lakini hilo haandiki, na tukishikilia basi twende hatua ya mbele.

Msuluhishi hakumficha mama kitu. Alimwambia ana haki ya kukataa, na shauri litasikilizwa na kuamuliwa.

"Itachukua muda gani?" mama akaniuliza.

"Sijui. Huenda miezi."

"Na huyo atakayeamua ataandika kwamba sikuiba?"

"Anaweza kuandika kwamba ulifukuzwa isivyo halali." Nilijua hilo silo aliloniuliza.

Mzee akainama mbele kwenye fimbo yake. "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Yaishe."

Ningeweza kuirusha ile fimbo dirishani. Nilimwambia mama aamue mwenyewe, asimsikilize mtu, hata mimi. Nyumbani alikuwa na watoto wanaokula kwa kukopa dukani. Akasaini kwa mwandiko wa polepole, mkurugenzi akasaini kwa mchoro mmoja mrefu na kuondoka bila kumuaga mzee aliyekuja naye.

Basi sisi watatu tukajikuta nje, kwenye benchi moja, tukingoja usafiri wa kurudi Ikungi. Upepo wa Singida ulikuwa unapeperusha vumbi. Mama alikuwa ameshika nakala yake.

"Mwalimu, ule mstari. Nielezee tena."

"Unasema anakulipa, lakini hakubali kwamba alikosea."

"Na sheria inaruhusu hivyo?"

"Inaruhusu."

Alikunja karatasi akaiweka kwenye mkoba. "Mimi sikukosa nikaomba msamaha mara tatu. Yeye amekosa, na hata kuliandika hataki." Alisema bila kupandisha sauti. Nilijiona mtu niliyemvusha mto nikamwacha kwenye tope la upande wa pili.

Halafu akamgeukia mzee. Nilidhani atamshukuru kwa kuja, kama anavyomshukuru kila mtu kwa kila kitu.

"Baba, ulipokwenda kusema nimekosa tulikwenda watatu. Majirani walituona. Watoto wa shule walituona. Sasa utakwenda lini kusema kwamba sikukosa?"

"Kumwambia nani?"

"Haohao."

Mzee aliegemeza kidevu kwenye fimbo. Hakuwa anakwepa. Niliona anatafuta kweli, anapita misibani na harusini, kwenye mabaraza yote aliyoyakalia tangu ujana wake, kwenye kila ugomvi aliowahi kuupatanisha. Hasira yangu kwake iliisha hapo, nikabaki na huzuni tu.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "kumwombea mtu msamaha tunajua. Hilo unalolisema halina utaratibu wake."

"Basi utungeni."

Mama hakusema samahani. Mzee akanigeukia mimi, nadhani akitaka nimwambie sheria inasemaje. Nikamwambia hata mimi nausubiri huo utaratibu.