Mguu Usiokandwa

Mke wa mdogo wangu aliletwa Kasongo kwa pikipiki kutoka Salamabila, amekaa katikati ya dereva na mama yangu, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kinena hadi kifundo. Ngozi ilikuwa imevutika ikang'aa, na ukiugusa ulikuwa na moto kuliko mwenzake. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya Kasongo, na mashine ya ekografi, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, iko mikononi mwangu. Nilipouona mguu nikajua ninachokiogopa.

"Alikanyaga kitu," mama aliniambia kabla hata ya kukaa. "Kule kwenye machimbo watu wabaya iko wengi. Walimutegea dawa njiani."

"Na mulifanya nini, mama?"

"Kumukanda. Asubuhi na magaribi, maji ya moto na mawese. Unazani nilikaa ninamuangalia tu?"

Kwetu Kabambare, eneo lenye Salamabila, mwanamke aliyejifungua hukandwa na mama mkwe wake. Hukaa ndani, halimi, hateki maji, mwili wake unarudishwa polepole kwa mikono ya mtu mzima. Ni desturi ya upendo, na mama yangu anaijua kuliko wengi. Nyumba za mbali humwita. Lakini damu ya mzazi ni nyepesi kuganda, ndiyo namna mwili unavyozuia kuvuja baada ya uzazi, na mtu anayelala siku nzima damu ya miguu yake inatulia kama maji ya kidimbwi. Humo ndimo donge linamoweza kujitengeneza. Likibaki mguuni, mguu unavimba. Likibanduka, linapanda na damu, linapita moyoni na kwenda kuziba mapafu, na mtu anaweza kufa huku anazungumza nawe. Kukanda kunaweza kulibandua.

Nilimwambia mama asiuguse mguu mpaka nirudi. Daktari alikuwa katika chumba cha upasuaji, na mawingu yalikuwa yamefunika jua tangu asubuhi, hivyo ilinibidi nikamwombe mtunza batri za sola anipe umeme kidogo bila kuinyima friji ya chanjo.

Niliporudi ninasukuma mashine, nikakuta beseni chini ya kitanda, mvuke unapanda, na mikono ya mama imepakwa mawese hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameshaanza gotini.

"Mama, acha."

"Mutoto wa watu analia na maumivu, na weye unaenda kuzungukazunguka."

"Ninakuomba. Toa mikono."

Aliitoa, lakini aliniangalia kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akakohoa na kugeukia ukuta. Wakati huohuo mke wa mdogo wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba akivuta pumzi kuna kitu kinamchoma ubavuni.

Nilimvalisha kidoleni kile kibanio chenye taa nyekundu. Mwanga wake hupenya kidole hadi upande wa pili. Damu iliyobeba hewa hupitisha mwanga kwa namna moja, na damu iliyokosa hewa kwa namna nyingine, kisha mashine hutoa namba. Namba ilikuwa chini kuliko nilivyotaka. Haikuwa mbaya sana, ila haikuwa ya mwanamke kijana aliyelala kitandani. Nikamwambia atulie, asijigeuze. Huenda kipande cha donge kilikuwa kimeshafika mapafuni.

"Mama, njoo karibu," nikasema. "Nitaanza na muguu muzima, upate kuona."

Nikapaka mafuta mazito ya kupimia kwenye kinena cha kulia na kuweka kichwa cha mashine. Hutuma sauti ambayo sikio halisikii. Sauti hiyo ikigonga nyama na mishipa inarudi, na marejeo yake ndiyo yanayochora picha. Duara mbili nyeusi zikatokea pamoja.

"Hii inayopigapiga inatoka moyoni. Hii ingine inarudisha damu. Angalia, ninakandamiza pole."

Duara ya pili ikabonyea, ikafunga kabisa. Nikaachia, ikafunguka.

"Kama mudomo wa mutoto," mama akasema, bila kutaka.

"Njo vile. Mushipa muzima ni laini, ukiukandamiza unafunga."

Nikahamia kushoto. Mashine ikalia kuonya kwamba umeme unapungua. Nikatafuta zile duara mbili, nikazipata, nikakandamiza kidogo. Ile ya moyo iliendelea kupiga. Ya pili ilibaki wazi, imejaa kitu cha kijivu. Sikurudia.

Mama aliinama mpaka kitambaa chake kikagusa kioo.

"Haifungi," akasema.

"Haifungi. Kuna donge la damu ndani."

"Na mimi nilikuwa ninalisukuma."

"Hakuna aliyeona ndani, mama. Hata mimi, bila hii, ningekisia tu."

Kioo kikazimika. Nikaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji mpaka daktari akatoka, nikamweleza hata kabla hajavua glovu. Alianzisha hewa ya puani na sindano za tumboni za kuzuia damu isizidi kuganda. Alisema kwamba kuna nchi wanajaribu mashine inayounganisha vyote viwili, mwanga na sauti: mwanga hupigwa ndani ya mwili, damu ikiupokea inapata joto kidogo na kujibu kwa sauti, na donge huonekana kwa sauti hiyo. Nikamsikiliza huku macho yangu yako kwenye kidole cha mke wa mdogo wangu. Namba ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Sindano haiyeyushi donge; inaupa mwili nafasi ya kuliyeyusha wenyewe. Tulichobakiwa nacho ni kungoja, na mguu usiguswe.

Shangazi zetu wawili walifika kesho yake na chupa ya mawese. Nilikuwa ninaosha mikono nikasikia mmoja anauliza mbona mzazi ameachwa kama mtoto yatima, hakuna wa kumkanda.

"Chupa hiyo mutapikia majani ya sombe," mama akawajibu. Alikuwa ameweka kiti chake upande wa mguu mbaya, mtoto mapajani. "Huu muguu, mutu akiugusa atanikuta."

"Weye? Weye mwenye kutufundisha?"

"Mimi. Mutakanda mabega. Na mukono, ule usiokuwa na taa."

Wakatazamana. Kisha mmoja akakunja mikono ya nguo yake, akaanza na mabega taratibu, na mke wa mdogo wangu akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Nikamuuliza kama bado inachoma.

"Kidogo tu," akasema. "Munipe mutoto anyonye."