Chai ya Bangkok

Thailand niliijua kabla ya shemeji yangu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiazima vitabu vya nchi hiyo katika maktaba ya mji wetu wa Coon Rapids, Marekani, na kujifunza maneno ya Kithai ndani ya gari, nikienda kazini. Kila nauli ilipokaribia kutimia, paa lilivuja au gari liliharibika. Shemeji, mdogo wa mke wangu, alipelekwa huko na kazi yake, akakaa wiki moja.

Jumapili moja wenzetu wa kanisani, mume na mke kutoka Kenya, walikuja nyumbani kuuliza wale nini na wanunue wapi watakapofika Bangkok. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaanza na masoko. Mara shemeji akaingia, na yule mama akageuza kiti kumwelekea.

Shemeji aliwaambia wakale penye foleni ya wenyeji. Bei wapatane sokoni tu. Madukani na kwa wauza chakula wasijaribu. Wali huliwa kwa kijiko, uma ni wa kusukumia. Yote kweli, na yote nilikuwa nayo mdomoni.

Kisha akasimulia alivyoagiza kinywaji mgahawani. Alisema "chai", mhudumu akatabasamu, akajibu "chai", asiondoke. Akarudia, naye mhudumu akarudia.

"Nikajua huyu dada ananitania," alisema.

Hapo nikaona nafasi yangu. "Hakukutania, shemeji. Chai kwao ni ndiyo. Ukitaka chai, unasema cha."

Mume akanigeukia kwa heshima mpya. "Kumbe! Wewe ulienda lini, bro?"

"Bado sijaenda."

Mkewe alicheka kidogo, bila ubaya, akamrudia shemeji. "Sasa hiyo chai ulipata?"

Aliipata, baada ya kuonyesha kidole kwenye glasi ya jirani: barafu tele, maziwa ya kopo, rangi ya chungwa. Nikamuuliza ladha yake, maana vitabu vyangu havikuisema. Alifikiri.

"Kama chai ya harusini iliyopoa, lakini unataka nyingine. Ukienda utaelewa, shemeji."

Nikaenda jikoni kuwachemshia ya kwetu.

Walipoaga, mume alichukua namba ya shemeji, ampigie wakikwama huko. Yangu anayo siku nyingi. Hakuitaja.