Riwaya Iliyovuka Ziwa kwa Vipande

Dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya kama desturi ya kwetu, alikuwa mwalimu upande wa Kongo. Mimi nilikuwa nimeolewa Nchelenge, ng'ambo ya pili ya ziwa, nikiuza chisense, dagaa wakavu wa ziwa letu. Alijipangia orodha ya riwaya kubwa za Kifaransa ambazo, alidai, mtu asiyezisoma hajasoma kitu, akaniburuza na mimi. Nakala ilikuwa moja tu kila mara, kuukuu, ya sokoni Lubumbashi. Basi aliikata kwa wembe vipande vinne. Akimaliza kipande anakitia kwenye gunia la unga la wafanyabiashara wanaovuka, nami nakipokea kimejaa vumbi jeupe.

Lo, raha ile! Nilisoma huku nikigeuza chisense juani na kufukuza kuku kwa mguu. Mteja akiuliza bei, namwambia angoje nimalize ukurasa. Wengine waliondoka, na waende zao.

Riwaya ya mwisho ilikuwa ya mke aliyemkimbia mumewe. Kipande cha tatu kiliishia njia panda, gari la farasi limesimama, naye hajui apande au arudi nyumbani. Aliyekileta alicheka: "Yaya yako anasema usilie kwanza." Nilitamani kumzaba kibao.

Kisha vita vikafika kwao, maboti yakaacha kuvuka. Nilimhofia dada na watoto wake, na papo hapo, Mungu anisamehe, nikamwaza yule mke njia panda. Wote walikuwa ng'ambo, nami sina la kufanya. Ofisi ya serikali, nilikoenda kuulizia habari zao, waliniambia ningoje. Mume wangu aliniambia nisali. Niliyafanya yote mawili kwa hasira.

Mwishowe dada alifika, katika mtumbwi uliojaa magodoro, na watoto wote. Mumewe hakuwamo, wala hakuna aliyethubutu kuniambia kwa nini. Alikula akipewa, akakaa kando ya dagaa wangu kutwa nzima bila neno. Huyu ndiye aliyekuwa akinisomea kurasa nzima kwa kichwa, akiigiza na sauti.

Nilijaribu nyimbo, nikajaribu habari za jamaa. Asubuhi moja, nikitafuta chochote cha kumfungua mdomo, nikauliza:

"Yaya, ule bibi wa njia panda, mwisho alirudia kwa bwana yake?"

Alinigeukia kwa adabu, kama mtu anayeulizwa njia na mgeni.

"Bibi gani?"