Vipepeo wa Alhamisi

Nimechoka kusifiwa. Kila nikipita dukani naambiwa, mama, wewe ni mke wa kupigiwa mfano, angekuwa mwingine angeshamkimbia yule mzee na macho yake. Nachukua sukari yangu, naondoka. Wangejua nilichomfanyia mume wangu, hata salamu wasingenipa.

Mume wangu alikuwa msoma mita za maji. Miaka thelathini alizunguka mji wetu huu mdogo na mashamba yake yote kwa baiskeli, daftari kwapani, anafunua vifuniko vya mita na kuandika namba. Watu walimwita Bwana Mita. Walimbembeleza, walimkaribisha chai, wengine walimfungulia mbwa, lakini hakuna aliyewahi kumfanya aandike namba ambayo mita haikusema. Mahali ambapo maji hayakutumika aliweka sifuri. Haachi wazi, maana ukiacha wazi, wa ofisini watakadiria, na mume wangu alichukia makadirio kuliko matusi. Mimi mwenyewe nikimwambia nitarudi sokoni saa tano hivi, ananiuliza, saa tano au saa tano hivi?

Huko huko mashambani ndiko alikopatwa na ugonjwa wa vipepeo. Binti mmoja wa kituo cha utafiti, sisi tulimwita Mtafiti tu, alikuwa anatafuta mtu wa kuhesabu vipepeo na nondo kila kiangazi, mtu mwenye mwandiko unaosomeka na asiyejua kudanganya. Akaelekezwa kwetu. Akampa daftari la jalada gumu, picha za wadudu zilizofunikwa nailoni, na masharti: njia ile ile, siku ile ile, saa ile ile. Kila Alhamisi saa nne asubuhi, kutoka kwenye tangi la maji hadi daraja la miguu, kando ya kijito na kile kichaka cha bondeni. Njiani vituo kumi, kila kimoja kina mstari wake daftarini. Unahesabu aliye ndani ya hatua tano tu. Aliye hatua ya sita, hata awe mzuri namna gani, hayumo.

Basi nikawa kama nimeletewa mke mwenza. Harusi ya mdogo wangu iliangukia Alhamisi. Bwana alifika watu wameshakula, suruali imejaa miba, na bado ananong'ona hesabu zake. Nondo nao ndio walitaka kutuachanisha kabisa. Taa ya barazani ilibidi iachwe inawaka, na alfajiri awahesabu waliobaki ukutani kabla mimi sijafagia. Siku moja nilifagia mapema, kwa hasira zangu, si kwa kusahau. Akasimama pale na daftari ananitazama, hakunigombeza, akaandika. Nikachungulia. Alikuwa ameandika: "Hakuna hesabu. Mke kafagia." Hadi leo maneno hayo yamo kwenye kumbukumbu za kituo, na wasomi wa huko wananijua kwa ufagio wangu.

Majina ya kitaalamu yalimshinda, akawapa yake. Mweupe mtupu alimwita Bibi Harusi. Yule wa rangi ya chungwa mwenye kingo nyeusi alikuwa Karani, kwa sababu anakimbia huku na huku kutwa nzima na kazi yake haionekani. Mkubwa mweusi mwenye madoa ya kijani alikuwa Shemeji, maana haji mara kwa mara, lakini akija anakaa. Nilicheka siku aliponiambia hilo. Nilijaribu kujizuia nikashindwa.

Alihesabu hivyo miaka kumi na saba, halafu macho yakaanza. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, imeshakula mshipa, na kilichokwenda hakirudi. Akatupa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa mwanga na vivuli. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Mimi nawaza nani atamshika mkono kwenda chooni, yeye ananiuliza, "Alhamisi nani ataandika?" Nikasema mimi. Nilisema ili anyamaze, maana nilikuwa karibu kulia mbele za watu.

Kiangazi hicho nikawa macho yake. Anaweka mkono begani kwangu, tunakwenda mwendo wa bata, mimi nasema ninachokiona na yeye ananiuliza: kingo nyeusi au za kahawia? Anaruka juu au chini chini? Amefunga mabawa akitua? Mwanzoni nilimjibu kwa kununa. Kufika katikati ya kiangazi nilikuwa namwona Karani kabla hajatoka kichakani, na Alhamisi moja Shemeji alipotutokea niliruka mpaka mzee akayumba. Acha nikiri: nilianza kuwapenda. Miaka yote ile tulikaa nyumba moja kila mtu na yake, na sasa kila Alhamisi tulikuwa na mazungumzo.

Mwaka uliofuata shamba kubwa la mboga ng'ambo ya kijito lilipata mwenyewe mpya, naye akaanza kupuliza dawa ya kuua wadudu kwa mashine. Harufu ilifika hadi jikoni kwangu. Alhamisi ya kwanza ya kiangazi tukaanza pale tangini kama kawaida. Kituo cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Kila nikisema sifuri nausikia mkono wake unazidi uzito begani. Tukafika darajani. Mzee akauliza taratibu, "Hata Bibi Harusi hakuna?"

Nikatazama majani yote. Hakukuwa na hata inzi.

"Yupo mmoja," nikasema. "Ametua hapo kwenye majani."

Mngeuona uso wake. Nikaandika moja. Akasema si unaona, wamechelewa tu mwaka huu, na siku hiyo akala chakula chote akaongeza.

Wiki iliyofuata niliwaona wawili. Ya tatu nikaona niongeze na Karani. Kisha nikaingiwa na hofu, kwa sababu mume wangu anakumbuka kila wiki ya kila mwaka, akisikia hesabu isiyolingana na majira atanishtukia. Basi kila Jumatano, yeye akiwa bafuni, nafungua daftari la zamani, natafuta wiki ile ile, nakariri. Hapa napunguza mmoja, pale naongeza wawili, isifanane sana. Hata nondo niliwahesabu hivyo hivyo, kwenye ukuta mtupu, ufagio mkononi. Mimi, mke wa Bwana Mita, nikawa nakadiria. Nilifanya hivyo kiangazi kizima na cha pili chake. Binti yetu akipiga simu anaambiwa na baba yake, "Mama yako ana macho ya mwewe. Amenipita mimi." Nasikia kutoka jikoni, natamani sakafu ipasuke.

Mnaweza kuuliza, kwani ilimdhuru nani? Ndivyo nilivyojiuliza mimi pia.

Kiangazi hiki kilipokaribia, mwenye shamba aliomba ruhusa ya kuvuka kijito. Alitaka kufyeka kichaka cha bondeni chote, toka tangini hadi darajani, apande mboga huku na kuendelea kupuliza. Ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mume wangu alifurahi kama amepewa zawadi. Kwake jambo lilikuwa rahisi: daftari lake litaonyesha kichaka kimejaa uhai, na watu wenye akili hawafyeki mahali kama hapo. Akaniambia nimpigie pasi koti la kazini. Nililipiga pasi hadi likang'aa, maana mikono ilikuwa haitaki kuacha. Nilijua la kumwambia, nikaendelea kupiga pasi. Nikajipa moyo kwamba labda uongo wangu ungekiokoa kichaka.

Afisa wa ardhi alikuwa kijana mstaarabu, hakuwa na ubaya wowote. Alisimama na karatasi alizopewa na kituo, akasema swali ni kama dawa ile ina madhara. Akasoma hesabu za kabla ya dawa. Akasoma za miaka miwili ya dawa. Akasema, ndugu zangu, mnaona wenyewe, vipepeo hawajapungua, tena Bibi Harusi, kama anavyoitwa humu, ameongezeka kidogo. Ukumbi ukacheka. Kwa hiyo, akasema, dawa haina tatizo, na wadudu watakuwepo kukiwa na kichaka au mboga.

Mtafiti alikuwa safu ya mbele, sasa ni mama mtu mzima mwenye miwani. Akageuka kumtazama mume wangu kwa namna ya kutoamini. Afisa naye akamuuliza kwa heshima, "Mzee, hizi hesabu ni zako?"

Mume wangu akasimama. Akakishika kiti cha mbele yake, akageuza uso upande ambao sauti ilitoka.

"Ni zangu," akasema. "Na mimi siandiki kisichokuwepo."

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, goti langu linagusa lake. Ningesimama. Ningesema watu wazima mnisikilize, mwongo ni mimi. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia mzee yule na koti lake lililopigwa pasi, na mimi nikabaki nimekaa. Muhuri wa ruhusa ukapigwa kabla ya adhuhuri.

Kesho yake nilimfuata Mtafiti kituoni, nikamwambia yote. Alivua miwani. Hakunitukana, heri angenitukana. Alinieleza kwamba ruhusa imeshatoka, na kwamba akiandika leo kuwa miaka miwili ni ya uongo, wataitilia shaka na ile kumi na minane mingine, na hakuna mtu atakayeweza kuithibitisha. Daftari zote za mzee zitawekwa pembeni. Asiposema, uongo utabaki ndio ukweli. Nikamuuliza, sasa tufanye nini? Akasema hajui. Mwanamke aliyesoma mpaka vitabu vikaisha, akaniambia hajui.

Nilimwambia mume wangu jioni hiyo hiyo, barazani. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia na Bibi Harusi wa darajani. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Hata yule wa kwanza?"

"Hata yule."

Akaitika kwa kichwa kama mtu anayepokea ankara. Kisha akaniambia nilete daftari na kalamu. Akanitaka nisome kila mstari wa miaka miwili ile, Alhamisi moja baada ya nyingine, na kila niliposoma namba alisema, "Kata. Weka sifuri." Nilipofika kwenye wiki ambazo kweli niliona mmoja au wawili, kwa sababu walikuwepo wachache jamani, sikubuni wote, nilimwambia, huyu alikuwepo. Akafikiri. Akauliza nina hakika? Nikasema ndiyo. Akasema, basi hapo ukate, uache wazi. Yeye, ambaye maisha yake yote hajawahi kuacha mahali wazi. Nilikata na kuandika mpaka mkono ukauma, na machozi yakaharibu kurasa mbili.

Nilidhani Alhamisi hatatoka. Saa tatu na nusu nikamkuta amevaa viatu, anapapasa ukutani kutafuta kofia. Akaweka mkono begani kwangu, lakini safari hii kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayeshika kitu asichotaka kukichafua.

Ng'ambo mashine za kufyeka zilikuwa zimeshapangwa, mbili za njano. Zingevuka Jumatatu. Kituo cha kwanza nikasema sifuri, nikaandika. Cha pili sifuri. Mzee hakuuliza rangi wala mabawa, aliitika tu. Mpaka cha tisa nilikuwa natoa macho mpaka yanawasha, naomba hata Karani mmoja, hata nondo aliyepotea mchana. Hakuna. Cha kumi, darajani, sifuri.

Tukasimama apumzike. Akavua kofia, akajifuta jasho, akashika ubao wa daraja kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo alipokuja. Alitokea chini ya daraja, mkubwa, mweusi, madoa ya kijani yanang'aa juani kama chupa mpya, akazunguka mara moja, akatua kwenye mkono wa koti la mume wangu, juu kidogo ya kifundo. Akafunga mabawa. Akayafungua.

"Mzee," nikasema. "Shemeji yupo. Amekutua mkononi. Wa kushoto. Nakuapia, mume wangu, yupo hapo."

Hakuusogeza mkono. Aligeuza uso kuuelekea, na macho yale yasiyoona yakakaa juu ya kipepeo yule muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo nimemwona akiwapa wenye nyumba walioapa kwamba mita imeharibika.

"Asante, mke wangu," akasema. "Usimwandike."