Kadiri Mpiga Ramli Amechoshwa na Vitabu

Saa mbili asubuhi, umande haujakauka katika mtaa wa Waswahili hapa Gisenyi, na Kadiri bin Hitimana ameshakasirika. Mchanga wa ziwa aliouchekecha jana umelala kwenye bao mbele yake, laini kama unga, haujaguswa. Mteja wa kwanza amekuja na kitabu.

"Kifunge," anamwambia. "Mi si mwalimu wa kusahihisha."

Mteja ni Mukashyaka, mke wa Phocas, mpiga makasia. Amepita nyuma ya nyumba za jirani, akavuka barabara mbio hadi mlangoni, ili katekista wa kanisa lake asimwone. Kitabu ni kijitabu cha kujifundisha ramli, kilichopigwa chapa huko pwani. Tangu mwaka jana, 1955, kinauzwa katika soko la Mahoko, kando ya chumvi na sabuni.

Mumewe ana homa ya kifua, mtumbwi unaondoka bila yeye. Mukashyaka alisoma shule ya misheni, basi akafungua kitabu, akapiga nukta zake, akapata jibu: adui wa mgonjwa ni mwanamke mzee anayelala chini ya paa moja naye. Chini ya paa lile mwanamke mzee ni mmoja tu, Nyirahabimana, mama mzazi wa Phocas. Mukashyaka akamwambia hivyo mbele ya majirani. Bibi akakunja mkeka wake akaenda kwa kaka yake, kijijini Rugerero. Leo Mukashyaka anataka kinga ya mlango, bibi asirudi.

Kadiri anajifuta uso kwa kiganja. "Zamani watu walikuja na shida. Sasa wanakuja na jibu, wanataka mi niligonge muhuri."

Kazi hii aliifuata Ujiji akiwa kijana. Mzee aliyemfundisha alimweka kwanza kuteka maji na kukaa kimya wateja wakieleza ugomvi wao. "Mchanga ulikuja nyuma sana," ananiambia mimi niliyekaa pembeni. Hapa hulipwa faranga tano au kuku, na wiki zisizo na wateja hushona magunia ya kahawa ya wafanyabiashara. Hajawahi kutajirika, wala hajui mpiga ramli aliyetajirika.

Anamwuliza Mukashyaka alivyofanya, hatua kwa hatua. Kitabu kinasema itafutwe kwanza nyota ya mgonjwa, kwa kuhesabu herufi za jina lake na za jina la mama yake.

"Na la mama yake uliandika nini?"

Mukashyaka anaangalia chini.

Hapo Kadiri anaelewa. Mwanamke wa Rwanda aliyeolewa hatamki majina ya wakwe zake, hata akiwa peke yake shambani. Hutafuta neno lingine, akapita pembeni.

"Mukono ulikataa, muzee," anasema Mukashyaka. "Nikaandika Nyogokuru, kama watoto wanavyomuita."

"Bibi! Donc, basi umetafuta nyota ya mutoto wa Bibi. Mutu huyo hayuko. Akina Nyogokuru wamejaa kila nyumba, mpaka Busasamana."

"Kitabu hakikusema."

"Kitabu kitasemaje? Aliyekiandika anaijua nyumba yako?"

Mukashyaka naye ana ulimi. "Kwako mulango uko barabarani, muzee. Nikiingia, Jumapili nanyimwa komunyo. Kitabu iko kimya. Mungekuwa mumefungua mulango wa nyuma, nani angenunua kitabu?"

Kadiri anakohoa, anasawazisha mchanga ambao tayari ulikuwa sawa.

Kadiri anaagiza mgonjwa mwenyewe aje, na Phocas analetwa akiegemea fimbo. Anataja jina la mama yake, mkewe akigeukia ukuta. Kadiri anapiga nukta kwa kidole, haraka, bila kuhesabu, ndipo anazipanga mbili mbili na kusoma zilizobaki.

"Maji na baridi. Mutu hakuna. Vaa nguo kavu, na leo uende dispansari."

"Hakuna mutu?" anauliza Phocas.

"Hakuna. Na mama yako analala kwa watu."

Phocas hamtazami mkewe. Anatoka bila kumngoja, kifua kikipiga miluzi.

Adhuhuri anafika Harerimana, mchuuzi anayeuza vile vijitabu Mahoko. Habari amezisikia, wala hazimsumbui. Ana mpango: Kadiri aseme, yeye atafute wa kuandika, kitoke kitabu cha kweli.

"Tutaweka na hiyo ya wakwe," anasema. "Wanawake waulize waume zao."

"Na kesho mwingine atakosea kwingine. Mi nilimuona anaangalia chini, nikauliza. Ukurasa unaona nini?"

"Bon, sawa. Lakini ukikufa, muzee, inakufa na we."

Neno hilo linamwuma Kadiri. Wanawe wawili ni madereva Bukavu, na bao hili wanaliita takataka za mzee. Anamfukuza Harerimana, lakini siku nzima sindano ya magunia inamchoma vidole.

Kesho yake anatembea hadi Rugerero. Nyirahabimana anamenya maharagwe uani, hanyanyuki.

"Kitabu ndicho kilinifukuza, Kadiri. We unakuja kufanya nini? Kije chenyewe."

"Mama, kitabu hakina miguu."

"Aliyekisoma anayo."

Kadiri amerudi mjini na maneno hayo, akamfikishia Mukashyaka kama alivyoyapokea, mbele ya majirani walewale. Mukashyaka ameomba muda hadi Ijumaa, apike pombe ya mtama. Kwenda kwa mkwe mikono mitupu ni tusi jingine.

Na Kadiri ameniambia jambo ambalo bado hajamwambia mwanamke huyo. Katika wote waliomletea vitabu mwaka huu, ni yeye tu aliyefuata kila hatua, na ni yeye tu aliyembishia hadi Kadiri akakosa la kujibu. Anataka kumfundisha, mkekani, kwa mdomo.

"Padri wake atagomba, sheikh wangu atagomba. Wagombe," anasema. "Ijumaa nitakaa hapa kwenye kizingiti. Nikimwona anarudi na mama mkwe wake, amemshika mkono, Jumamosi nitamwita, aanze na kuteka maji. Akirudi peke yake na mtungi wake wa pombe, ramli hii nitazikwa nayo."