Nyasi za Mwezi wa Sita

Msitu ulio nyuma ya mabweni ya chuo niliukuta ni visiki na vichaka. Wachoma mkaa na wakaushaji wa tumbaku walishaumaliza. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini msitu ule nimeulea mimi, si profesa yeyote. Na niliulea kwa kuuchoma. Ndiyo, kwa kuuchoma. Kila mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na ubichi ndani, nilikuwa nawasha asubuhi. Moto wa wakati huo hauna nguvu, unatambaa chini, unakula majani makavu na kuuacha mti. Mwezi wa tisa ukija moto wa kweli kutoka nje, unakuta chakula hakuna. Baba yangu alilinda mizinga yake hivyo hivyo, na mrina asali yeyote wa Tabora atakwambia. Miti ya miyombo ikarudi, mininga ikarudi, nyuki wakarudi.

Kipimo ni rahisi. Ng'oa konzi la nyasi umande ukishakauka, ulikunje. Zikipinda zote, subiri. Zikivunjika nusu, washa. Zikivunjika zote, umechelewa, weka kiberiti mbali.

Mwaka juzi chuo kikaamua kuacha kuchafua hewa. Walisema ifike siku hewa ya ukaa tunayoitoa isizidi ile inayomezwa na miti yetu. Wakaweka umeme wa jua juu ya mabati, jikoni wakaleta majiko yanayokula kuni kidogo, na msitu wangu ukawa ndio tegemeo la mpango mzima. Nilifurahi, nisiwe mnafiki. Nikapewa fulana ya kijani na kitambulisho cha Msimamizi wa Msitu. Siku ya uzinduzi, ukumbi umejaa wageni, mratibu wa mazingira akaniita mbele nitie saini ahadi ya chuo pamoja na wakubwa. Huyo mratibu ni mwalimu kijana, binti wa Bukoba. Karatasi mbili, herufi ndogo kama sisimizi. Kusoma naweza, ila polepole, kwa kidole. Sasa nitoe kidole mbele ya watu wote wale? Nikatia saini kwa madaha. Mke wangu akapiga kigelegele.

Tangu siku hiyo mpishi mkuu, mwanamke mwenye mdomo, hakuniacha. "Mheshimiwa, shikamoo! Tuwashe jiko, au nalo umelipiga marufuku?" Nilikuwa nacheka. Sikujua anachosema ndicho kilichoandikwa.

Mwezi wa sita ulipofika nikaenda ofisini kwa mratibu na konzi langu la nyasi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kesho nataka kuwasha."

"Kuwasha nini?"

"Msitu."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akafungua faili. "Babu, hatuchomi tena. Moshi huo ndio tunaoukimbia. Na wewe mwenyewe uliahidi." Akanionyesha mstari: hakuna moto wa aina yoyote msituni. Chini yake saini yangu, imejikunja vizuri kuliko ya mkuu wa chuo.

Hapo nilitakiwa kusema, mwanangu, mimi sikuisoma. Badala yake nikasema, "Najua. Nilikuwa nakupima tu." Nikatoka na nyasi zangu mkononi.

Nikarudi kuomba watu wa kufyeka mpaka wa msitu, moto usivuke. Nikaambiwa bajeti ya mwaka imeshapita. Basi nikafyeka peke yangu kuanzia mwezi wa saba, upande wa njia ya zamani ya misafara, ndiko moto hupitia siku zote. Mgongo ulikataa, nikaulazimisha. Kila asubuhi nilikunja nyasi, zikawa zinavunjika kama biskuti. Siku moja nilipita jikoni nikiwa nimechoka na mpishi akaanza utani wake, nikamfokea, "Nitauwasha mwenyewe, mbaki mnashangaa!"

Moto ulikuja mwezi wa tisa, saa nane mchana, ukitokea upande wa Igalula, mashariki, ukisukumwa na upepo. Aliyeuwasha hajajulikana mpaka leo. Niliusikia kabla sijauona. Ule ufyekaji wangu wa miezi miwili uliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Wanafunzi walikuja na matawi na ndoo, wakarudishwa na joto. Moto ulipanda mpaka kwenye vilele, na mininga niliyoijua tangu ikiwa kimo cha goti ilikuwa inapasuka. Jua linazama, kila kitu cheusi. Mratibu alikuwa amesimama karibu yangu, masizi usoni, analia bila sauti.

Kesho yake tukaitwa na wakubwa wa chuo. Mkuu wa walinzi akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, si ulitamka jikoni kwamba utawasha?"

"Ningewasha wa sita, mpumbavu wewe! Nani mwenye akili anawasha wa tisa?"

Na kwa kuwa sikuwa tena na kitu cha kulinda, nikamgeukia mratibu nikamwambia, "Ile karatasi sikuisoma. Niliona aibu. Ningeisoma, ningekataa palepale."

Alinifuata nje. "Babu, kwetu nyasi hazikauki namna hii. Nilidhani unang'ang'ania mazoea tu. Kwa nini hukunieleza?"

Miti iliyokufa haitoi kivuli, kwa hiyo mwaka huu nyasi zimeota kunipita mimi kimo. Kilichobaki ni kona moja ya miyombo, upande wa kisima. Mratibu ameomba ruhusa ya moto wa mapema. Majibu yalipokuja niliyasomea jikoni, kwa kidole, kwa sauti, mpishi ananisikiliza bila utani: kamati itakaa mwisho wa mwezi wa saba.

Kila Jumatatu nampelekea mratibu konzi la nyasi, nalikunja juu ya meza yake. Jumatatu ya wiki mbili nyuma zilipinda. Iliyofuata, nusu. Jumatatu hii zimevunjika karibu zote. Alizikusanya kipande kwa kipande, akazitia kwenye bahasha, akaandika tarehe juu yake, akazipeleka mwenyewe kwa wakubwa. Alirudi mikono mitupu, akasema wamezipokea.

Leo nimeamka, upepo umeshageuka. Unatoka mashariki.