Daktari aliniuliza mama anafanya kazi gani, nikadanganya. Homa ya mgunda ikaondoka naye

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninachoandika hapa sijakitia chumvi hata kidogo. Natamani kukipunguza, ila ukweli nilishaupunguza mara moja na mmeona kwenye kichwa cha uzi kilichotokea.

Mimi naishi Bigwa, hapa Morogoro. Nina kazi ya ofisini mjini, tai shingoni, mtaani wananiita bosi. Mama yangu ni Mluguru wa Matombo. Mzee alipofariki nilimshusha kutoka milimani nikamleta kwangu, nikampa chumba chenye feni na tivii.

Na nikajisifu sana. Msikitini, ofisini, kwenye kahawa, wimbo wangu ulikuwa mmoja: mama yangu jembe ameshalisahau.

Uongo mtupu.

Mama alivumilia miezi minne tu. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, nikikaa hivi nitaoza." Msimu ulipofika akaenda Dakawa kwa shoga yake, Bi Mwanaidi, wakalima mpunga pamoja. Tuligombana, akaenda hivyo hivyo. Mwaka uliofuata akaenda tena. Watu wakiniuliza alipo, nasema amekwenda kusalimia ndugu.

Msimu huu alirudi na homa. Kichwa, baridi, mwili wote unauma.

Nikampeleka zahanati moja ya mtu binafsi. Daktari wa pale ni mtu ninayeswali naye safu moja, zile sifa zangu zote amezisikia. Kipimo cha malaria kikawa negative. Akauliza vizuri tu, "Mama anafanya shughuli gani siku hizi?"

Mama akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Yupo tu nyumbani, daktari. Anapumzika."

"Hajasafiri?"

"Hajatoka."

Mama akanyamaza. Kwetu mzazi hamuumbui mwanawe mbele za watu, nami nililijua hilo wakati nasema.

Basi, mnajua mambo yetu, malaria ikikosekana UTI haikosi. Tukapewa dozi ya UTI tukarudi nyumbani. Yule bwana simlaumu. Alipika kwa unga niliompa mimi.

Siku tatu nne tukaambiana dawa bado haijafanya kazi. Mama akawa analalamika vigimbi vya miguu vinamuuma, hata shuka likimgusa anaguna. Macho yakawa mekundu. Mke wangu akasema huyu mtu tumrudishe, nikasema tumalize dozi kwanza. Naandika hili huku najichukia.

Siku ya tano macho yakawa ya njano na mkojo ukakata. Tukakimbia naye hospitali kubwa.

Kule tulimkuta daktari wa kike, binti mdogo. Mimi nikaanza kutoa maelezo yangu yale yale, mama wa nyumbani, hajatoka. Akanisikiliza. Halafu akaniacha, akainama kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akaminya vigimbi, mama akapiga kelele. Akaishika miguu, akaitazama sana. Nyayo zimepasuka, kati ya vidole kuna michubuko, kucha zina rangi ya tope ambayo sabuni haitoi.

"Mama, ulikuwa unashinda kwenye maji ya mpunga?"

Wakuu, mama aligeuza kichwa. Aliniangalia mimi. Mgonjwa hoi, macho ya njano, anasubiri nimpe ruhusa ya kusema.

Nikasema, "Ndiyo, daktari. Dakawa. Wiki tatu."

Yule binti hakunigombeza. Aliagiza dawa zianze hapo hapo bila kungoja majibu ya maabara, akanieleza anahofia homa ya mgunda. Mkojo wa panya unaingia kwenye maji ya shambani, vijidudu vinapita kwenye ngozi iliyochubuka. Akasema ugonjwa wenyewe unafanana na homa nyingine, hivyo swali la kazi ndilo linalomfungua daktari macho. Na dawa yake si ya ajabu, ila inataka kuwahi.

Figo zilikuwa zimeshachoka.

Siku ya pili mama aliniita karibu akaniambia, "Sikutaka kukutia aibu, baba." Yaani ananiomba radhi yeye. Nikawa namfunika shuka ambalo lilikuwa limeshamfunika.

Kesho yake asubuhi alifariki. Tulimrudisha Matombo, tukamzika karibu na mzee.

Msibani walikuja wanawake wa Dakawa, kundi zima. Wakawa wanasimulia mama alivyokuwa anawachekesha shambani, jinsi alivyokuwa wa kwanza kuingia kwenye maji na wa mwisho kutoka. Mtu niliyekuwa naona aibu naye, wenzake walikuwa wanamgombea awe kwenye mstari wao.

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa pembeni amejifunika khanga, anatetemeka. Nikamgusa mkono, moto. Nikamuuliza vigimbi, akasema vinamuuma tangu juzi.

Sikungoja wali wa msibani. Nilimpakia kwenye gari tukashuka hadi kwa yule binti daktari. Kabla hatujakaa nikasema, "Huyu analima mpunga, anashinda kwenye maji, alikuwa na mama yangu." Akaanzishiwa dawa saa ile ile. Leo ni mzima, majuzi kaniletea mchele.

Yale maneno yalinitoka kirahisi kabisa, kwa sababu hakuwa mama yangu.

Nilichojifunza ni hiki: ukimpeleka mzazi hospitali, mwache aongee mwenyewe. Na ukiulizwa, sema kazi yake kama ilivyo, awe anachimba choo au anafuga nguruwe. Heshima yako haina kazi mle ndani.

Karibuni mchangie. Mkitaka kunitukana pia ni sawa. Ila kama kuna daktari humu, naomba anijibu moja, na asinipoze: zile siku tano, ningesema ukweli, angepona?